Ukienda Fort Jesus na Watoto, Anzia Kisimani

Ukitaka kuwachosha watoto ndani ya Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno pale Mombasa, anza kuwatajia miaka. 1593 ilianza kujengwa, 1596 ikawa tayari, 1631 ikatekwa, 1698 ikatekwa tena. Kabla hujafika 1700, mmoja anaulizia soda, wa pili anamchokoza wa tatu, na baba yao ameshajitenga pembeni na simu yake. Hata mimi miaka hainikai kichwani. Kilichotuweka mle ndani kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi ni swali la kitindamimba wetu, mwenye miaka sita, aliyekuwa ameinama kwenye kisima cha ngomeni huku nimemshika kola: "Sasa hawa walikuwa wanakunywa nini?"

Nitalifikia hilo.

Sisi ni watu wa Tanga, na Mombasa kwetu ni kama kwenda kwa jirani. Unapanda gari mpaka Horohoro, unavuka mpaka kuingia Lungalunga, unagonga mhuri, kisha unashika barabara ya Ukunda mpaka Likoni, unajitupa kwenye kivuko na umati wa watu, baiskeli na mikokoteni. Marehemu mama yangu alizaliwa Mombasa, akaolewa Tanga. Kaka yake, mjomba wangu, hajawahi kuhama mji huo na sasa anakaribia miaka themanini. Tulikuwa tumekwenda kumtembelea, mimi, baba watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe, ambaye ni mzaliwa wa Rufiji na huwa hakubali kuachwa nyumbani palipo na safari. Binti yangu mkubwa, kidato cha pili, ndiye aliyetaka ngome. Wa kati alitaka mizinga. Mjomba alisema yeye atatusindikiza mpaka mlangoni tu, halafu atatungoja kwenye kahawa. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni magoti.

Nianze na yale ya kawaida, kwa anayepanga kwenda. Fika saa mbili asubuhi, wanapofungua. Ngome imejengwa juu ya jabali la matumbawe, kuta zake ni matumbawe na chokaa, na ua wake wa katikati hauna kivuli cha maana. Ikifika saa tano mawe yanaanza kurudisha joto, na mtoto mdogo hapo hana tena hamu ya historia. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani. Beba vitambulisho vyenu, kwa sababu viingilio vya Waafrika Mashariki si sawa na vya wageni wa mbali, na watoto wana chao. Siku yetu malipo yalikuwa kwa simu, nasi wenye laini za Tanzania tukaokolewa na mjomba na simu yake ndogo ya vibonyezo. Viatu viwe vya kufunga, si ndala, maana ngazi zimelika. Na kuhusu waongozaji wanaokungoja nje, zungumza bei kabla hujapiga hatua, halafu mwambie unachotaka. Sisi tulimwambia kijana mmoja: tuna watoto, tuna bibi, tupe nusu saa ya mambo ya kula, kulala na kupigana, majina ya magavana tutasoma wenyewe. Akacheka, akasema hajawahi kupewa kazi rahisi kama hiyo. Tulimaliza naye saa nzima, na hakutudai zaidi.

Lakini kabla ya mlango tulikwama nje, kwenye mizinga miwili ya chuma. Watu wengi huipita wakidhani ni ya Wareno, wakapiga picha wakaingia. Si ya Wareno hata kidogo, ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja unatoka kwenye manowari ya Kiingereza, Pegasus, na mwingine kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa Unguja, imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, Königsberg ikaivamia alfajiri na kuizamisha. Halafu Königsberg yenyewe ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa ametafuta kivuli, akanyanyuka. "Rufiji ipi? Yetu?"

Yetu hiyo hiyo. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye mikono ile ya mto yenye maji mafupi na mikoko, kwa hiyo zikaletwa meli mbili maalumu zisizozama sana majini, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa hata mabaharia wake wenyewe wakaimalizia kuizamisha. Mizinga yake kumi ikatolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa bara ipigane nchi kavu. Mama mkwe alikuwa amesikia utotoni habari za manowari ya Wajerumani iliyolala mtoni, lakini hakuwahi kujua kwamba kipande chake kiko Mombasa. Aliuzunguka ule mzinga, akaupigapiga kwa kiganja, kisha akauliza jambo ambalo kijana wetu hakulitarajia: "Na nani aliukokota?" Jibu ni kwamba waliokokota na kubeba mizigo ya vita ile, pande zote mbili, walikuwa Waafrika, maelfu kwa maelfu, na wengi waliishia njiani kwa njaa na maradhi. Bibi akamwambia wa kati, aliyekuwa ameshaupanda mzinga kama farasi, ashuke. Akashuka.

Mizinga hiyo ya maadui sasa inakaa pamoja, jua moja, mvua moja. Kama una mtoto anayependa silaha, mpe hapo dakika ishirini zake, atakuwa mpole huko ndani.

Kwenye lango kuna maandishi ya Kireno ya 1635 yaliyochongwa kwenye jiwe, ya nahodha mmoja anayejisifu kwa kuirekebisha ngome na kuwatia adabu watu wa pwani. Tulipita haraka. Watu wa pwani aliowatia adabu ni akina sisi, na binti yangu hakuona sababu ya kumsoma mpaka mwisho.

Juu ya ukuta ndipo mlipo na mchezo. Aliyeichora ngome hii ni Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno katika makoloni yao ya India. Ina buruji nne, yaani ngome ndogo zinazochomoza ukutani, kwenye pembe, nazo zina majina ya watakatifu: Filipe, Alberto, Mateus na Matias. Ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa baharini, na kila mwongozaji atakwambia hivyo. Sisi hatukuwa angani. Tulichofanya ni hiki: baba watoto alibaki chini kwenye pembe moja ya ukuta na wa kati, wakaambiwa wajifiche wasionekane. Mimi na binti tukapanda juu, yeye kwenye buruji moja, mimi kwenye nyingine. Popote walipojibanza, mmoja wetu aliwaona. Wakijificha kwangu, binti anawaona. Wakijificha kwa binti, mimi nawaona. Kuta zimekunjwa makusudi, zinaingia na kutoka, ili askari wa upande huu aweze kumpiga risasi anayeukwea ukuta wa upande ule. Wa kati alijaribu pembe tatu, akaja juu anahema, akasema, "Mama, huyu aliyechora alikuwa mbaya." Hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa kwa lugha yake. Tahadhari tu: kingo za juu ni fupi mahali pengine na chini ni mbali. Kitindamimba hakuachwa mkono hata mara moja.

Mjomba, wakati huo, alikuwa ameingia. Nilimwona ua wa kati, amesimama na bakora yake, kofia imevutwa usoni. Alisema kahawa ya nje haikuwa nzuri.

Ndipo tukafika kisimani. Ni kisima kirefu kilichochimbwa kwenye jabali, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha Waarabu waliokuja baada ya Wareno. Kijana wetu alitupa kijiwe, tukangoja. Akasema maji yake yana chumvi, yalifaa kuoga na kufua. Na hapo ndipo kitindamimba alipouliza swali lake.

Karibu yake kuna birika kubwa la kukingia maji ya mvua, la Wareno. Ndilo jibu: mvua ikinyesha mnakunywa, isiponyesha mnaangaliana. Kijana alitaka kuendelea kwenye nyumba ya Waomani, binti yangu akamzuia. "Na wakifungiwa ndani?"

Basi tukakaa ukingoni mwa birika lile, tukasimuliwa vita vya 1696 pale pale. Nimesoma habari zile baadaye nyumbani na bado naona kwamba hakuna mahali pazuri pa kuzisikia kuliko hapo. Mwezi Machi 1696 merikebu za Oman zilifika Mombasa. Wareno ndani ya ngome walikuwa wachache, chini ya mia, lakini wenyeji waliokuwa upande wao walikimbilia ndani na watoto na vyombo, watu zaidi ya elfu mbili. Waomani hawakuwa na haraka. Walikaa mjini, wakaizingira ngome miezi 33. Jaribu kumwambia mtoto miezi 33, haelewi. Mwambie: ungeingia humu ukiwa na miaka sita, ukatoka unakaribia tisa. Kitindamimba alimtazama kaka yake wa miaka tisa, akaelewa.

Chakula na askari vilikuja kwa bahari, vikipitishwa kwenye njia ya matao iliyochongwa kwenye jabali kushuka mpaka majini. Njia hiyo ipo, na watoto wangu waliipenda kuliko vyumba vyote vya maonyesho. Lakini kilichokuja hakikutosha, na maradhi yalifagia. Ilifika mahali, mwaka 1697, nahodha Mreno alikufa na aliyebaki kuishika ngome ni Sheikh Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wapatao 17, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake 50. Ukutani pote pale, pande zote tulizochezea mchezo wetu, walinzi walikuwa hao.

"Wanawake hamsini?" binti yangu akauliza.

"Hamsini," akasema kijana.

"Majina yao?"

Hakuna majina. Jina la nahodha lipo, jina la msanifu lipo, majina ya watakatifu wanne yapo kwenye buruji. Binti alikasirika na aliendelea kukasirika mpaka wakati wa chakula, na sikumtuliza. Kwa maoni yangu ndicho alichokipata cha maana zaidi siku ile, na hakikuwa kwenye kibao chochote.

Msaada ulikuja kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, vita vikaendelea. Merikebu moja ya kivita iliyotumwa kuokoa ngome, Santo António de Tanna, ilizama mbele yake hapo hapo 1697. Ililala chini ya maji mpaka wapiga mbizi walipoichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko kwenye chumba cha makumbusho: vyombo vya udongo, vipande vya silaha, vitu vya matumizi ya mabaharia. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia. Wareno waliokuwa hai ndani hawakufika ishirini. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea baharini, zikaona bendera nyekundu juu ya ukuta, zikageuza.

Mpaka hapo wa kati alikuwa akingoja ukuta ubomolewe. Haukubomolewa. Akauliza mwaka ule mwingine, 1631, ilikuwaje. Mwaka ule Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliingia kwa mlango. Wareno walikuwa wamesababisha kuuawa kwa baba yake, wakamchukua yeye mtoto mdogo mpaka Goa, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, wakamlea, wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Nahodha wa ngome akawa anamdharau. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama anayekuja kumtembelea nahodha, akamuua, na ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata aliiacha akaondoka kwa merikebu, na Wareno wakarudi wakaikuta tupu. Je, 1728? Wareno waliirudia kwa sababu askari waliokuwa ndani walikuwa wameasi na kugombana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka mmoja baadaye watu wa Mombasa wakawafukuza. Je, 1837, Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipowaondoa ukoo wa Mazrui walioitawala Mombasa karibu miaka mia? Alifanya suluhu nao, kisha wakubwa wao wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi.

Binti alikuwa anahesabu kwa vidole. Njaa na maradhi, mgeni wa mlangoni, ugomvi wa ndani, suluhu ya uongo. "Kwa hiyo ukuta wenyewe ulikuwa wa nini?"

Mjomba akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Ukuta ulikuwa wawafungia wao, mwanangu. Wa nje hawakuwa na shida."

Kwa haki, kuna mara moja ngome ilipigwa mizinga ikaitikia. Januari 1875 kamanda wa kikosi cha Sultani wa Zanzibar, anayekumbukwa kwa cheo chake, Al-Akida, aliasi na kujifungia ndani, manowari za Kiingereza zikaipiga mpaka akasalimu amri. Wa kati aliridhika na hiyo, angalau kidogo.

Tulipita vyumba vingine kwa haraka. Nyumba ya Waomani juu ya ukuta ina upepo mzuri na mandhari ya mkono wa bahari, mama mkwe alikaa dirishani akakataa kuondoka. Milango ya nakshi itazameni polepole kama mnapenda useremala. Chumba ambacho sikutegemea kitu na kikatupa kicheko ni kile chenye michoro ya askari na mabaharia wa Kireno: walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu, watu, vitu walivyoviona. Wataalamu waliihifadhi plasta ile kama dhahabu. Kitindamimba, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amechapwa kwa kuchora sebuleni, alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyeonewa. Sikuwa na la kumjibu. Baba yake alitoka nje kucheka.

Sasa nirudi kwa mjomba. Waingereza walipoutangaza utawala wao mwaka 1895 waliigeuza ngome kuwa jela, na jela ikabaki mpaka 1958. Baada ya hapo wachimbaji wakiongozwa na James Kirkman waliifukua na kuisafisha, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kijana wetu alisema hayo kwa sentensi mbili, kama kila mwongozaji, kwa sababu wageni wengi hawaulizi miaka ya jela. Hakuna mizinga wala masultani.

"Hapo," mjomba akasema, na bakora ikaelekea langoni, "hapo nje ndipo nilipokuwa nasimama na mamangu."

Baba yake, yaani babu yangu mzaa mama, alifungwa humu. Mjomba alikuwa na miaka minane au tisa. Kosa lilikuwa tembo: babu alikuwa mgema wa huko ng'ambo ya kaskazini, akakamatwa anauza bila kibali, akashindwa faini, akapewa miezi. Marehemu mama alikuwa mtoto wa mgongoni, na katika maisha yake yote hakunitajia jambo hilo. Labda hakulijua. Labda lilifichwa, maana mzee mgema si jambo la kusema kwa wakwe wa Tanga, seuze mzee mfungwa. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka dirishani kwake na kusimama nyuma yetu, amesikia yote.

"Kaka," akamwambia mjomba, "na walikuwa wanawapa kula?"

Mjomba akasimulia. Alfajiri, bibi yangu alimchukua wakavuka, wakaja kusimama upande wa pili wa njia, mbali na askari. Wafungwa walikuwa wakitolewa nje kwa mistari kwenda kufyeka majani na kuchimba mitaro mjini, wamevaa kaptura nyeupe. Huruhusiwi kusema neno. Unachoweza ni kusimama mahali ambapo atakuona. Babu akipita aligusa sikio lake la kulia, basi. Maana yake mzima. Bibi naye akageuka wakarudi. Siku moja hakugusa sikio, na bibi hakula siku hiyo wala ya pili yake, mpaka walipokuja tena akaligusa. Alipotoka walimuuliza mbona siku ile hukugusa, akasema alikuwa amebeba jembe na ndoo, mikono haikuwa wazi.

Mjomba alisimulia hayo bila huzuni, kama mtu anayesimulia mechi ya zamani. Tena akatuonyesha: akahamisha bakora mkono wa kushoto, akagusa sikio. Kitindamimba akamwiga. Wa kati naye. Kisha binti yangu, mwenye hasira za majina, akatoa daftari na kumuuliza, "Babu, babako aliitwa nani? Na mamako?" Akaandika yote mawili. Nikamwambia aandike na la kijiji. Akaandika.

Nilichojifunza mimi kama mzazi ni kwamba ngome ya namna hii humfungukia mtoto ukimwingiza kwa tumbo lake: maji yalitoka wapi, walilala wapi, choo kilikuwa wapi (wa kati aliuliza, na kijana alijua), nani alikuja kukutazama ukifungiwa. Ukishampa hayo, masultani na manahodha wanaingia wenyewe, kila mmoja mahali pake. Na mchukue mzee. Hata asiyetaka kuingia. Hasa asiyetaka kuingia, ila usimlazimishe, mwache aje kwa hatua zake. Kama ningemng'ang'aniza mjomba pale mlangoni angebaki kwenye kahawa yake, nami ningerudi Tanga sijui kwamba nina babu aliyelala nyuma ya ukuta ule.

Tulitoka karibu saa saba. Nje kuna madafu, na ukiingia ndani kidogo ya Mji wa Kale utapata viazi vya karai vya moto vyenye ukwaju, mishikaki, na mabuyu mekundu yatakayowaharibu watoto midomo na nguo. Msile ndani ya ngome, hakuna pa kukaa vizuri na paka watawazonga. Baada ya chakula nilitaka tupite mtaa wa Ndia Kuu tutazame roshani za mbao, lakini kitindamimba alikuwa ameshalala begani kwa baba yake, na mtoto wa miaka sita aliyelala ana uzito wa gunia la mchele. Tukaita tuktuk mbili. Mjomba alipanda na mama mkwe, na kabla hawajaondoka nilimsikia mama mkwe akimuuliza habari za tembo la siku hizi, kama bado lipo la kweli au ni sukari tupu.

Wa kati ameshatangaza kwamba safari ijayo ni Kilwa Kisiwani, kwa sababu amesikia kuna ngome ya Wareno ya 1505 iliyojengwa upya na Waomani, nayo inaitwa Gereza, na anataka kujua waliofungwa humo walikunywa nini. Baba yake anapiga hesabu za nauli: Tanga mpaka Dar, Dar mpaka Kilwa Masoko, halafu boti, mara sita. Mama mkwe anasema hesabu hiyo imekosewa, kwa sababu lazima kwanza tupitie Utete, tushinde siku mbili kwa dada yake, na aulizwe mzee mmoja wa huko kama anajua ni mtaa gani uliotoa watu wa kukokota ule mzinga.